Mlango Niliowafungia Wazazi

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Wala sikuaibishwa na mtu. Aibu niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaila mbele ya Afisa Elimu Kata.

Naandika nimekalia upande mmoja. Upande wa pili una michubuko. Mtaelewa mbele ya safari.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Neema, mwenyekiti mpya wa kamati ya shule ya msingi hapa kijijini kwetu, pembeni ya Ziwa Nyasa. Kuzaliwa nimezaliwa milimani, Mbinga, kwenye kahawa. Huku ziwani nimeletwa na ndoa. Nilichaguliwa kwa sababu nina sauti kubwa (hiyo ndiyo sifa, hakuna nyingine) na kwa sababu siku ya kujieleza niliahidi mambo mawili. Kwanza, watoto watakula mchana shuleni. Pili, nitalitengeneza lile dirisha la darasa la tano ambalo wanafunzi waling'oa nondo moja ili wapate pa kutorokea. La pili sijalifanya. Naomba mlikumbuke hilo dirisha.

Sasa habari ya chakula, na hapa sitanii. Watoto wetu wengine wanatoka vitongoji vya mbali, wanapanda na kushuka vilima. Wanaondoka alfajiri tumbo tupu, wanarudi jioni. Muhula huu ulipoanza, katoto kamoja ka darasa la tatu kalianguka mstarini bendera ikipandishwa. Tukadhani malaria. Mwalimu akakapa uji wake mwenyewe aliokuja nao kwenye chupa. Kakanywa, kakasimama, kakauliza kama kuna mwingine. Nilikuwepo. Siku ile nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Na kupika shuleni si kazi kubwa. Muhogo tunao. Usipa tunao (usipa ni dagaa wetu wa huku, wadogo, watamu, msiwalinganishe na wa kwenu). Kila nyumba ikitoa unga kidogo na usipa kidogo, watoto wanakula. Ila utaratibu unataka wazazi wenyewe wakubaliane mkutanoni, na wawe wengi, akidi itimie. Mwalimu Mkuu hawezi kuamua peke yake. Mimi na sauti yangu pia siwezi.

Tatizo ni kwamba wazazi wa hapa wanakuja, wanaandika jina kwenye mahudhurio, halafu wanayeyuka. Mtu anaomba kwenda kujisaidia, anajisaidia mpaka Mbamba Bay. Mkutano wa kwanza tulianza tumejaa, kufika kwenye kura tumebaki mimi, Mwalimu Mkuu na babu mmoja aliyekuwa amelala. Mkutano wa pili hata babu alitoroka.

Afisa Elimu Kata amechoka na sisi. Kata ilitupatia masufuria mawili makubwa, yale ya shughuli, na mpaka leo hayajawahi kuona moto. Jana akanipigia simu.

"Mwenyekiti, kuna shule nyingine inayalilia masufuria hayo. Kesho nakuja na gari. Msipokubaliana, naondoka nayo."

"Madamu," nikamwambia, "kesho hatoki mtu."

Nilikata simu nikiwa sijui nitafanyaje. Baada ya hapo shetani akanipa wazo.

Tuna mlinzi wa shule, Mzee Haule. Ujanani alikuwa mgambo, na umgambo haujamtoka. Ukimwambia simama hapa, Yesu atarudi atamkuta hapo hapo. Asubuhi nikamfuata na kufuli mkononi.

"Shikamoo, Mzee Haule."

"Marahaba, Mwenyekiti. Nipe maagizo."

"Wazazi wakishaingia, funga mlango kwa nje. Usifungue mpaka kura iishe."

"Na mtu akibanwa haja?"

"Usifungue."

"Akiomba Mwalimu Mkuu?"

"Usifungue."

"Ukiomba wewe?"

Nikacheka (nilicheka, jamani!). "Hata nikiomba mimi. Hata nikilia. Usifungue."

"Nimepokea," akasema, na akapiga saluti.

Mkutano ulikuwa darasa la tano, maana ndilo kubwa. Watu walifurika. Siku hizi mwezi ni giza, ndio msimu wa kuvua kwa taa, kwa hiyo kina baba walikuja na macho mekundu, moja kwa moja kutoka ziwani. Kina mama walikuwa wametoka ufukweni kuanika usipa kwenye vichanja. Meza yangu niliiweka makusudi mbele ya lile dirisha bovu, ili hata huko asipite mtu. Masufuria nikayaweka hapo pembeni yangu, wazazi wayaone. Nilijiona mjanja kweli.

Mstari wa mbele kabisa aliketi mama mkwe wangu. Yeye analea wajukuu wawili wanaosoma hapo. Mama mkwe ni mtu wa maneno machache. Ukimsikia amesema mara tatu kwa siku moja, uliza nani amefariki.

Wa mwisho akaingia. Nikasikia nje kufuli limebana.

Nikafungua mkutano kwa sala, nikamkaribisha Madamu, kisha nikaanza na mkwara. "Ndugu wazazi, mimi sisemi tu, natenda. Usipa wangu uliopo kichanjani leo, wote ni wa shule. Naanza mimi."

Makofi! Madamu akatabasamu. Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye katibu wetu, akaandika. Nilijisikia kama nimeshinda ubunge.

Haikuchukua muda, Baba Fransisi akanyanyuka. Huyu ndiye bingwa wa kutoroka mikutano, mvuvi, ana mdomo mrefu kuliko kasia lake. Akaenda mlangoni akavuta. Akavuta tena.

"Mwenyekiti, mlango umegoma."

"Haujagoma. Umefungwa."

Watu wakacheka kidogo. Kisha wakaona sicheki, wakanyamaza.

"Hii ni shule au mahabusu?" akauliza.

Madamu akanitazama kwa juu ya miwani. Mwalimu Mkuu akaacha kuandika. Nikajikaza. Nikamwambia Baba Fransisi akae achangie mada, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akachangia.

"Serikali ilisema elimu bure. Sasa muhogo wa nini?"

Mwalimu Mkuu akaeleza kwa upole kwamba ada imefutwa, njaa haijafutwa. Mama mmoja wa nyuma akasimama. "Mimi sina shida kutoa. Nataka kujua ufunguo wa stoo atashika nani? Tusije tukawalisha watu wasio watoto." Hoja nzito. Tukaijadili. Tukakubaliana wazazi wenyewe watashika ufunguo kwa zamu, na kila siku ya kupika mzazi mmoja atakuwepo kuonja. Baba mwingine akauliza habari ya kuni. Mwingine akajibu kabla yangu. Jamani, walikuwa wanajadiliana! Wenyewe! Kwa mara ya kwanza tangu nipewe uenyekiti nilikuwa nasikiliza tu. Zilibaki hoja chache tu, kisha kura.

Ndipo darasa likaingia giza.

Huku ziwani mvua haipigi hodi. Nilisikia kwanza upepo ukipitia kwenye bati, kisha ile harufu. Vichwa vyote vikageuka dirishani kwa pamoja. Wingu lilikuwa limetoka ng'ambo, jeusi, na lilikuwa linakuja kwetu.

Kwa mtu wa mbali niseme hivi. Usipa ukishaanikwa ukakauka nusu, halafu ukanyeshewa, umekwisha. Unaoza, unanuka, hata kuku wanaugeuzia mgongo. Na mle darasani kila mama alikuwa na kichanja chake ufukweni, hatua chache tu chini ya shule. Hiyo ndiyo sabuni, ndiyo madaftari, ndiyo chumvi ya nyumba. Nami sina kisingizio cha kusema sikujua. Kwetu Mbinga kahawa ikiwa juani na wingu likatokea, hata bwana harusi anaacha bibi harusi anakwenda kuanua.

"Mwenyekiti, mvua," mmoja akasema.

"Ajenda haijaisha."

"Mwenyekiti, mvua hiyo!" wakasema kumi.

"Tupige kura kwanza!"

Lakini hawakunisikia. Kila mtu alikuwa amesimama, wote wanasema kwa pamoja, huyu anagonga mlango, yule anamwita Mzee Haule, kina mama wanachungulia kwenye nondo. Kura ya mikono haipigwi kwenye vurugu. Bati la darasa lile linavuja, na tone la kwanza likadondokea kwenye sufuria lililo tupu. Ti! Madamu akaangalia saa, kisha akayaangalia masufuria. Ti!

Mama mkwe akasimama. Watu wakamgeukia, maana yeye hasimamagi ovyo.

"Mwenyekiti, tuanue kwanza. Tutarudi."

Nilijua hawatarudi. Wakitoka ndio wametoka, gari lipo nje, masufuria yanapakiwa, na kale katoto kataanguka tena mstarini. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani, naapa. Ila kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Mzazi pale mbele, naomba ukae chini."

"Eee!" akasema mtu kwa nyuma. "Kamwambia nani akae chini?"

Mama mkwe wangu! Mtu ambaye hata kumpita mbele napita nimeinama! Nilitamani maneno yangu yarudi, lakini maneno ni kama usipa, ukishayaanika hadharani huwezi kusema hayanuki.

Akakaa. Polepole. Akaikunja khanga yake magotini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, darasa zima likasikia:

"Nimekaa, Mwenyekiti. Na usipa wako je, nani anauanua?"

Wangu!

Ule niliouahidi! Ule uliopigiwa makofi! Upo kichanjani, wote, umetandazwa vizuri, hauna hata wa kuutupia jani!

Hapo uenyekiti ulinitoka. Dakika moja iliyopita nilikuwa jiwe, kwa usipa wa watu. Nilipokumbuka wa kwangu niliruka meza. Nikafika mlangoni nikapiga ngumi.

"Mzee Haule! Fungua!"

"Kura imeisha?" sauti ya nje.

"Bado! Fungua, ni mimi!"

"Najua ni wewe, Mwenyekiti. Ndiyo maana sifungui. Ulisema hata ukiomba."

"Mzee Haule, nakuomba!"

"Ulisema hata ukilia."

Nyuma yangu wazazi wakaanza kuguna. Matone sasa yanagonga bati moja moja, mvua yenyewe bado iko ziwani. Nikageuka, nikaliona lile dirisha langu, lile la ahadi. Wanafunzi wanapita hapo kila siku. Mimi nina nini?

(Nina makalio, ndugu zangu. Wanafunzi hawana.)

Nikapanda kwenye kiti. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likapita kwa shida. Halafu nikasimama. Sikusimama kwa kupenda. Nondo ya kushoto ilinishika nyonga, ya kulia ikanishika nyonga ya pili. Nikajaribu kwenda mbele, sikwenda. Nikajaribu kurudi, sikurudi.

"Mwenyekiti," nikamsikia Madamu nyuma yangu, "unakwenda wapi?"

"Nakuja, Madamu!" nikajibu, nikizungumza na upepo.

Kicheko kilichotoka mle ndani sijawahi kukisikia hata harusini. Mimi nilikuwa naona uwanja wa shule tu, na ziwa kule chini limegeuka jeusi. Waliokuwa mkutanoni walikuwa wanaona sehemu yangu nyingine.

Mzee Haule akaja kwa nje, taratibu, na mwavuli.

"Mwenyekiti, huku si mlango."

"Nivute!"

Akafikiri. "Nikikuvuta utakuwa umetoka. Agizo linasema asitoke mtu." Akaufungua mwavuli, akaushika juu ya kichwa changu. "Ila kukufunika sikukatazwa."

Tukabaki hivyo, mimi na yeye, tukilitazama ziwa. Nilitaka kulia, tena nililia kidogo. Niliona mkutano umekufa, masufuria yamekwenda, usipa umekwenda, heshima imekwenda. Mambo yote niliyoyasema siku ya kujieleza yalikuwa yamenibana kiunoni.

Kisha nikasikia ndani kicheko kinakatika. Sauti ya mama mkwe. Mara ya tatu leo!

"Wazazi. Mzee huyu hafungui mpaka kura iishe. Kuna ambaye hataki mtoto wake ale? Kama hayupo, basi nyosheni mikono tukaanue."

Nikasikia madawati yanasukumwa. Nikasikia Mwalimu Mkuu anahesabu haraka kuliko anavyohesabu wanafunzi siku ya mitihani. Nikamsikia Madamu anauliza, "Wanaopinga?" Hakuna. Hata Baba Fransisi, ambaye vichanja vya mkewe ndivyo virefu kuliko vyote. Ikawa shwari, mpaka mshari mmoja akapaza sauti:

"Mwenyekiti hajapiga! Ananyosha nini?"

"Anyoshe mguu!"

Ndugu zangu, nilinyosha mguu. Ningefanyaje? Niliutaka ule mkutano upite kuliko nilivyoitaka heshima yangu, na heshima yenyewe haikuwa imebaki nyingi. Nikaunyosha mguu wa kulia juu kadiri nilivyoweza, kiatu kikachomoka, kikadondokea kwenye sufuria. Gwaa!

"Imepita," akasema Mwalimu Mkuu, sauti inatetemeka kwa kucheka. "Kwa kauli moja."

"Mzee Haule," nikamwambia, "kura imeisha."

"Matokeo?"

"Imepita. Watoto watakula."

"Hongera sana, Mwenyekiti." Akapiga saluti, akaenda kufungua mlango. Na mwavuli akaondoka nao.

Mlango ukafunguliwa, na kijiji kizima kikapita mbele ya uso wangu kikikimbilia ufukweni. Mmoja mmoja. Na kwa kuwa watu wa huku wana adabu, hakuna aliyepita bila kusema.

"Pole, Mwenyekiti."

"Pole, Mwenyekiti."

"Pole sana, Mama Neema, tunarudi."

Wote walipita. Akidi ilitimia kwenye kunipa pole.

Kunitoa nako kulikuwa na kikao chake, na mvua yenyewe sasa inamwagika. Mwalimu Mkuu ni mzee wa kanisa, akasema hawezi kumshika miguu mke wa mtu. Ikabidi Madamu avue saa yake na kunivuta yeye. Serikali ikavuta, dirisha likavuta, serikali ikashinda. Nikaanguka ndani, nikainuka, nikakimbilia ufukweni na kiatu kimoja.

Nilichelewa. Mvua ilikuwa imeshamaliza kazi. Nikakiangalia kichanja changu, kitupu kabisa. Nikajua upepo umeuchukua. Kisha nikaona chini yake turubai, limefungwa vizuri kwa mawe pembeni. Nikafunua. Usipa wangu wote, mkavu.

Turubai lile nalifahamu. Ni la mama mkwe.

Nikageuka. Kichanja chake kipo jirani na changu. Usipa wake ulikuwa bado juu, umelowa wote, maji yanachuruzika mchangani. Yeye alikuwa ameinama akiokota mmoja mmoja ule uliokuwa pembeni, chini ya jani la mgomba, ambao labda ungepona. Alianza na wangu. Alipofika kwake mvua ilikuwa imeshafika.

Nikamsogelea, nikauliza kwa sauti ndogo. Mimi, mwenye sauti kubwa!

"Mama, kwa nini?"

"Wako uliutoa kwa watoto mbele ya watu," akasema bila kuinua kichwa. "Haukuwa wako tena. Ningeuachaje?"

Nikapiga magoti mchangani, sketi yenyewe imeshachanika. "Nisamehe, mama. Lile neno la leo..."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. Nywele zimeloa, mguu mmoja hauna kiatu, nyonga zina kutu.

"Mzazi amesamehe," akasema. Akanisogezea ungo. "Sasa kaa chini, tuchambue."

Nikakaa chini.

Masufuria yamebaki. Jumatatu tunawasha moto, na usipa wa kwanza ni wangu, yaani wetu, yaani wa mama. Kiatu kimetolewa, sufuria limesuguliwa kwa majivu, naomba hilo lisifike kwa watoto. Fundi wa dirisha nimeshamwita, ila wazazi wamesema wataliweka kwenye ajenda ya mkutano ujao, na wameapa safari hii watahudhuria wote mpaka mwisho.

Basi wenzangu, ukitaka kuwafungia watu mlango, anua kwanza wa kwako. Na atakayecheka hapa nampendekeza kwenye kamati.